Kutunza chaji na kudumu kwa betri

Katika maelezo ya simu janja, kutunza chaji na kudumu kwa betri huandikwa mara nyingi kana kwamba ni jambo moja. Matumizi ya kawaida ya Kiswahili huyatenganisha. Chaji ni nishati iliyomo ndani ya betri kwa wakati fulani. Betri ni kifaa kinachoihifadhi nishati hiyo. Chaji huisha na kurudishwa kila siku, ilhali betri huchoka polepole kwa miaka.

Maana

Chaji imeisha: simu inahitaji kuunganishwa na umeme.
Simu inatunza chaji (pia: inakaa na chaji): nishati iliyojazwa mara moja hutosha kwa muda mrefu.
Betri imechoka: uwezo wake umepungua, hata ikijaa, chaji haikai.
Betri imekufa: haifanyi kazi tena, nayo yafaa ibadilishwe.
Betri imevimba: gesi imejikusanya ndani yake, isichajiwe wala kutobolewa.

Nomino betri na chaji zote huchukua upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-: betri imechoka, betri zimechoka. Chaji hutumika pia kama kitenzi: kuchaji simu, simu imechajiwa.

Tatizo la tafsiri

Kiingereza hutumia istilahi moja, inayotaja “maisha” ya betri, kwa dhana zote mbili. Mfasiri anayeandika “maisha ya betri” kila mahali humwachia msomaji fumbo. Vivyo hivyo, akiandika “betri imekufa” pale ambapo chaji imeisha tu, msomaji huweza kununua betri mpya ilhali alihitaji chaja.

Tofauti hii huamua ushauri unaotolewa. Anayetaka simu itunze chaji hadi jioni hupunguza mwangaza wa kioo, hufupisha muda wa kioo kuwaka, huzuia programu zisizohitajika kufuatilia mahali alipo, na huwasha hali ya ndege pale ambapo mtandao ni hafifu na hatarajii kupigiwa, kwa kuwa simu hutumia nguvu nyingi kutafuta mawimbi. Anayetaka betri idumu kwa miaka huiepusha kwanza na joto: haiachi simu juani ndani ya gari, wala haichaji ikiwa chini ya mto. Kampuni ya Apple hutahadharisha kwamba kutumia iPhone penye joto linalozidi nyuzi 35 za sentigredi huweza kupunguza uwezo wa betri kabisa, yaani usirudi tena. Aidha, betri ya simu huchakaa haraka zaidi ikiachwa imejaa kwa muda mrefu. Ndiyo maana simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80.

Mzunguko wa chaji

Istilahi hii haimaanishi kila mara simu inapochomekwa kwenye chaja. Mzunguko mmoja hukamilika matumizi yanapofikia jumla ya asilimia 100 ya uwezo wa betri: asilimia 50 leo na 50 kesho ni mzunguko mmoja. Hivyo “mizunguko 500” isitafsiriwe “kuchaji mara 500”, kwani msomaji ataogopa kuchaji kidogo kidogo, jambo lisilo na madhara.

Maandishi ya zamani

Ushauri wa kuiacha betri iishe kabisa kabla ya kuichaji ulitokana na betri za nikeli na kadimiamu. Simu janja hutumia betri za ioni za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na hizo hudhurika zikimalizwa kabisa mara kwa mara. Kabla ya kufasiri ushauri wa aina hii, sharti aina ya betri itambuliwe.

Pendekezo

Iandikwe kutunza chaji kwa muda wa saa au siku, na kudumu kwa betri kwa muda wa miaka. Pale ambapo matini chasili haibainishi, kipimo cha muda kilichotajwa ndicho kielekezi bora.