Kutoka Mke Mwenza hadi Ofisi ya Pili: Majina ya Mitala Mjini Lubumbashi

Msomaji wa Kiswahili sanifu hulijua neno mke mwenza. Mwenza ni ndugu wa mwenzi, yaani mtu wa kushirikiana naye. Lugha ya pwani ilimpa mke wa pili jina la ushirika, ingawa wake wenza wenyewe hawakukosa wivu. Mjini Lubumbashi twasikia majina mengine: mbanda, neno la Kilingala linalomtaja mke mwenza na mpinzani kwa pamoja, na deuxième bureau, neno la Kifaransa, yaani ofisi ya pili. Makala hii yajaribu kuonyesha kwamba nyuma ya majina haya ipo historia ya sheria iliyoliondoa jina la mke wa pili, bila kumwondoa mwanamke mwenyewe.

Mji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910. Hapo mwanzo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliajiri wanaume waliokuja bila wake, wakarudi kwao mkataba ulipokwisha. Kuelekea mwaka 1928 ilibadili siasa yake: ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikamtia moyo mfanyakazi aishi kambini pamoja na mkewe na watoto wake. Nyumba na posho vilifuata daftari, na daftari lilimtambua mke mmoja. Wamisionari Wabenedikto, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, walifundisha vivyo hivyo kanisani na shuleni.

Kisha ikaja sheria. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1951, ilibatilisha kila ndoa ya mitala itakayofungwa baada ya siku hiyo. Matokeo yake watawala wenyewe waliyaita mitala ya kujificha: mwanamume alikuwa na mke mmoja daftarini, na mwingine mtaani, aliyehesabiwa kama mwanamke anayeishi peke yake. Wanawake walioitwa hivyo walitozwa kodi katika miji, na kodi hiyo iliwachanganya mjane, mtalaka, mke wa pili na malaya katika fungu moja. Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Usumbura (leo Bujumbura), uliokuwa pia chini ya Wabelgiji, wanawake Waislamu waliipinga kodi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Fedha ziliwauma, lakini jina liliwauma zaidi.

Uhuru haukubadili msingi huo. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yakataza ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa, na marekebisho ya mwaka 2016 hayakuigusa kanuni hiyo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo yasema kwamba kila mtoto ni lazima awe na baba, na mtoto wa nje ya ndoa, akikubaliwa na baba yake akiwa hai, hurithi pamoja na wenzake. Basi mtoto wa ofisi ya pili ana fungu. Mama yake, kama mke, hana.

Jambo hili huonekana wazi kwenye kilio. Mwanamume akifariki, pengine ndipo jamaa mbili zinapokutana kwa mara ya kwanza. Bibi wa kwanza, yaani mke wa kwanza katika Kiswahili chetu, hugundua kwamba mji mzima ulijua. Yule wa pili hugundua kwamba miaka yake yote haina shahidi. Zamani, mahari ya mke wa pili ilipolipwa, koo zote zilijua. Hakukuwa na siri ya kufichuliwa mazikoni.

Tusitamani yaliyopita bila kuyapima. Mila nayo iliruhusu wanaume pekee kuongeza wenzi, na kujulikana kwa ndoa hakukuwa na maana kwamba mke aliridhika. Wako leo wanawake wanaosema kwamba waliingia katika hali hii kwa hiari. Wako pia wake wa kwanza wanaoijua na kuinyamazia kwa ajili ya watoto. Kiswahili kina vitenzi vitatu hapa: kujua, kunyamaza na kukubali. Dekreti na daftari havikuvitenganisha. Mtafiti atakayekwenda mitaani kuuliza habari za ofisi ya pili hana budi kuvitenganisha, na kuanza na wanawake wenyewe.