Changarawe ya matumbawe: kiasi gani huliwa na magari, kiasi gani huliwa na watu?

Kila bajeti ya kaunti inaposomwa, ndugu msomaji, barabara zilezile hurudi kwenye orodha: kuchongwa na kumwagwa changarawe. Mvua za masika mbili zikipita, mawe yamechomoza na matatu zinapita pembeni kwenye mashamba ya watu. Maskani yote huwa na jibu moja, kwamba mwanakandarasi amekula. Huenda amekula. Lakini yuko mlaji mwingine, naye alipimwa hapahapa Kenya zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Kati ya 1971 na 1974, maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, TRRL, ilifanya kazi nchini kwa ushirikiano na Benki ya Dunia na Wizara ya Ujenzi ya Kenya. Swali lao lilikuwa la pesa: serikali ikibana matumizi ya barabara, mwenye gari atalipa kiasi gani zaidi kwa mafuta, matairi na vipuri? Walichagua vipande vya barabara, za lami na zisizo na lami, wakawa wanavirudia kuvipima. Walikuwa na kijitela cha gurudumu moja kilichokokotwa nyuma ya gari ili kuhesabu jinsi barabara inavyorusha. Ripoti zilitoka 1975. Ile ya uchakavu wa barabara iliandikwa na Hodges, Rolt na Jones.

Mimi stashahada yangu si ya uhandisi, lakini hesabu yao ya changarawe inasomeka. Barabara hupungua unene kila mwaka hata pasipo mwizi. Magari husaga na kurusha kando, upepo huchukua vumbi, mvua huosha. Watafiti waliona mambo manne yanayoamua kasi: wingi wa magari, mvua, miinuko, na aina ya changarawe yenyewe. Kila aina ikapewa namba yake ya kuzidishia. Ya mawe ya volkano ilipata 0.7 hadi 0.96. Ile nyekundu ya laterite, 0.94 hadi 1.29. Ya matumbawe, hii yetu nyeupe ya ukanda wa bahari, ilipata 1.5.

Nimeipiga hesabu kwa barabara ya kawaida ya kwetu: magari 100 kwa siku, mvua ya mita 1 kwa mwaka, ardhi karibu tambarare. Inatoka kama milimita 17 kwa mwaka. Barabara hiyohiyo ikijengwa kwa mawe ya volkano hupoteza kati ya milimita 8 na 11. Kwa hiyo kaunti ya Pwani inayopanga marudio ya changarawe kwa kalenda ya bara imeshajidanganya. Na mvua imo kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, yaani ikiongezeka maradufu, sehemu yake katika hasara huwa mara nne.

Sasa rudi kwa mwanakandarasi. Tabaka la milimita 150, lililoshindiliwa vizuri, kwa milimita 17 linafaa kudumu miaka 8 hivi. Wahandisi hawangojei liishe lote, basi tuseme 5 au 6. Likitoweka kwa miaka miwili, matumbawe yanaweza kueleza milimita 35 hivi. Zile 115 zilikwenda wapi? Ama hazikumwagwa, ama hazikushindiliwa, ama mitaro haikuchimbwa na maji yakageuza barabara kuwa mto. Hesabu ya TRRL haimhukumu mtu, ila inaonyesha ni kiasi gani tusimlaumu nacho na ni kiasi gani aje atueleze.

Ina mipaka yake, bila shaka. Ilitokana na magari ya enzi zile, na haikusudiwi kwa barabara inayopitiwa usiku kucha na malori ya mchanga yaliyozidisha uzito. Hata hivyo haikutupwa. Ilijenga programu ya kupanga barabara iliyotolewa mwaka huohuo wa 1975, na matokeo ya Kenya yakachangia programu ya HDM ya Benki ya Dunia, pamoja na tafiti zilizofuata Karibiani, India na Brazil. Yaani barabara zetu zimefundisha dunia.

Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inalipiwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, na bodaboda analipa pia. Kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma, badala ya kuuliza barabara yetu itatengenezwa lini, muulize mhandisi: tabaka ni milimita ngapi baada ya kushindiliwa, changarawe inatoka machimbo gani, magari yalihesabiwa lini, na marudio yamepangwa mwaka gani. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha siku ya kazi, kabla greda haijaondoka, nendeni na rula penye ukingo wa tabaka jipya.