Kati, Chakula au Kikuzio?

Ufundi wa kukuza tishu za mimea chupani umekwisha kufika mashambani mwetu pamoja na miche ya migomba, lakini jina la kile kinachotiwa chupani lingali likitusumbua. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni "katikati". Mfasiri anayeishika asili hiyo huandika "kati", na mwalimu hubaki hana la kuwaeleza wanafunzi. "Chakula" ni afadhali, ila historia ya jambo lenyewe hailiungi mkono.

Mwaka 1902 Haberlandt aliweka seli za majani katika maji yenye chumvi za madini na sukari. Seli ziliishi, hata zikanenepa, wala hazikugawanyika. Chakula zilikuwa nacho. Miongoni mwa vilivyokosekana ni homoni, yaani amri ya kugawanyika. Auksini ilikuja kujulikana baadaye, na kinetini ikatambuliwa mwaka 1955. Miaka miwili baadaye Skoog na Miller walionyesha kwa tumbaku kwamba auksini ikizidi tishu hutoa mizizi, kinetini ikizidi hutoa machipukizi, na zikilingana kwa kiasi hutoa bonge tu la seli.

Kisa cha Murashige kinachekesha kidogo. Huko Wisconsin alitia maji ya majani ya tumbaku katika mchanganyiko wa zamani, tishu zikakua mno, naye akadhani amekaribia homoni mpya. Kumbe nguvu ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya madini ya kawaida: hata majivu ya majani yaliikuza tishu! Mchanganyiko aliouchapisha pamoja na Skoog mwaka 1962 una miligramu 1,900 za nitrati ya potasiamu na 1,650 za nitrati ya amonia kwa lita, na ungali ukitumika kuliko mingine. Lakini si wa kila mmea. Mwaka 1980 Lloyd na McCown, wakishughulikia mimea ya jamii ya miti, walishusha nitrati ya amonia hadi miligramu 400.

Basi jina litakiwalo halina budi kubeba chakula, amri, na pia mahali pa kukaa, kwani agari hushikilia tu, hailishi. Tunapendekeza "kikuzio", kutokana na kitenzi "kuzia", kama "kifutio" kilivyotokana na "futia". "Kikuzio cha mizizi" na "kikuzio cha machipukizi" hutamkika bila taabu. "Kiotesheo" tulilifikiria pia, tukaliacha: humkumbusha msomaji mbegu, na ndani ya chupa hii kwa kawaida hamna mbegu.