Edelweiss: Ua la milimani linalouawa na maji, si baridi

EDELWEISS ni ua dogo jeupe la milima ya Alps barani Ulaya, ambako huota zaidi kwenye miamba ya chokaa, kati ya mita 1,800 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mmea wake kwa kawaida hauzidi sentimita 20 kwa kimo. Majani hufa majira ya baridi, lakini mizizi hubaki hai chini ya theluji na kuchipua tena.

Kinachodhaniwa kuwa petali nyeupe ni majani yenye vinyweleo vinavyoukinga mmea dhidi ya jua kali na ukavu. Maua halisi ni vichwa vidogo vya manjano vilivyo katikati.

Wengi wanaoupanda bustanini huupoteza kwa kuujali kupita kiasi. Maji yakituama, mizizi huoza, hasa wakati wa baridi mmea ukiwa umelala. Mbolea nyingi nayo huurefusha na kupunguza weupe wa ua. Unafaa kupewa udongo usio na rutuba nyingi, uliochanganywa na changarawe ili maji yapite upesi, na jua la saa sita au zaidi kwa siku.

Mbegu hutawanywa juu ya udongo bila kufukiwa, kwa kuwa huhitaji mwanga. Zikikaa kwanza majuma kadhaa kwenye baridi, hata ndani ya jokofu, huota vizuri zaidi. Miche humwagiliwa kidogo kidogo hadi ishike, na aghalabu hutoa maua mwaka wa pili. Kwa kuwa mmea huu hauishi miaka mingi bustanini, hugawanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Katika miji yenye joto na unyevu, kama Dar es Salaam na Mombasa, hauwezi kudumu. Hata hivyo, wapandaji wa Mlima Kilimanjaro hukutana na ndugu zake, mimea ya Helichrysum, iliyo katika familia moja na edelweiss na alizeti.

Uchumaji wa kupindukia uliitia edelweiss hatarini katika karne ya 19, na mwaka 1878 jimbo la Obwalden, Uswisi, likatunga sheria ya kuilinda. Anayeitaka hana budi kuipanda kwa mbegu za kitaluni. Ya mlimani huachwa palepale ilipo.