Pato la Kaunti na Riziki ya Mkazi Wake

Mwezi wa Februari 2019, Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilipotoa kwa mara ya kwanza hesabu ya pato la kila kaunti, ikianzia mwaka 2013 ambao ndio mwaka serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi, wasomaji wengi walikimbilia safu inayogawa pato hilo kwa idadi ya wakazi, wakaichukua kana kwamba ni kipimo cha riziki iingiayo nyumbani kwa mtu. Rai yangu ni kwamba usomaji huo si sahihi, tena una madhara, maadamu ndio unaotumiwa kuamua kaunti ipi imepiga hatua na ipi ingali nyuma.

Kinachopimwa ni thamani ya mali na huduma zinazozalishwa ndani ya mipaka ya kaunti, awe anayeipokea ni mkazi wake au ni mtu wa ng'ambo asiyepata kuiona. Mfano ulio dhahiri ni Marsabit. Upande wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyoanza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018. Thamani ya umeme huo, kwa kanuni za hesabu, ni pato la Marsabit. Lakini waya unaouchukua husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukipita juu ya manyatta zisizo na taa, faida huwaendea wenye mtaji, na mfugaji wa Kirendille ambaye ngamia wake wameteketea kwa ukame huhesabiwa katika wastani kuwa ameongezekewa. Sioni namna ya kulitazama jambo hili kwa moyo baridi.

Kwale nayo iliuza nje madini ya titani tangu 2014 hata uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliugawa mrabaha kuwa asilimia 70 ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya mahali. Na mrabaha wenyewe ni sehemu ndogo tu ya thamani ya kilichosafirishwa kupitia Likoni. Basi mstari wa Kwale ukishuka vitabuni hautatwambia kadiri ya hasara ya mkulima wa minazi wa Msambweni, kama ulipopanda usivyotwambia kadiri ya faida yake.

Kigawanyo pia kina kasoro. Sensa humhesabu mtu mahali alipolala, ilhali kazi yake huhesabiwa mahali ilipofanyika. Kwa hiyo wanaolala Ruiru, Kitengela na Mlolongo huipandisha Nairobi kwa jasho lao na kuzishusha Kiambu, Kajiado na Machakos kwa vichwa vyao. Kinyume chake, fedha anazotuma kuli wa Mombasa kwa mamake Vihiga hazionekani kabisa katika pato la Vihiga, ijapokuwa ndizo zinazolipa karo.

Marekani huitenga hesabu hii na ile: Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi hukokotoa kila mwaka pato la watu binafsi la kila kaunti kwa kufuata makazi ya mpokeaji, mishahara, mapato ya mali na malipo ya serikali yakiwa pamoja. Hata huko wastani huweza kupotosha, kama katika kaunti ya Teton, Wyoming, ambako matajiri wachache huwainua wote kwa karatasi. Lakini angalau swali linaloulizwa linamhusu mtu.

Nachelea kwamba Kenya, ambayo Waraka Namba 10 wa 1965 uliielekeza kuweka rasilimali penye rutuba, mvua na reli, na ambayo Katiba ya 2010 ililazimika kuiundia Hazina ya Usawazishaji ili kufidia matokeo yake, itakuja kuwanyima Marsabit fungu lao kwa hoja ya upepo wasiouuza wao. Utafiti wa Bajeti za Kaya wa 2015/16 ulikwisha kuuliza, kaunti kwa kaunti, kaya inatumia nini na inapokea nini kutoka kwa walio mbali. Safu hiyo ifanywe upya kila mara na ichapishwe kando ya ile ya pato la kaunti, katika kitabu kile kile.