Namba ya mama

Juzi mama kanipigia, sauti inakatikakatika: "Mwanangu, mtandao huu umenichosha, ila namba yangu siiachi." Namba hiyo anayo toka nipo darasa la pili. Ndugu wote wanayo, wateja wake wa vitenge wanayo. Nikamwambia siku hizi unahama nayo. Hakuamini! Basi mie mwalimu mtarajiwa wa historia nikaingia maktaba kuchimba.

Walioanza ni Singapore, mwaka 1997. Uingereza na Hong Kong wakafuata 1999, Marekani Novemba 2003. Jirani zetu Kenya walianza Aprili 2011, na sisi Machi 1, 2017, chini ya TCRA.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Zamani tarakimu za mwanzo zilikuwa kama kabila la simu. Ukiona 0754 unajua Voda, ukiona 0713 unajua Tigo, na mitambo nayo ilifuata tarakimu hizohizo kuipeleka simu. Ili uhame na namba, lazima iwepo kumbukumbu inayoonyesha kila namba iliyohama sasa iko wapi. Kampuni yenye wateja wengi itaona raha gani kuwarahisishia njia ya kuondoka? Ndio maana mara nyingi ilibidi serikali iwasukume.

Kilichonigusa ni Kenya. Wengi walidhani watu watahama makundi kwa makundi, haikuwa hivyo. M-Pesa ilishaingia toka Machi 2007, na ukihama, namba inakwenda lakini akaunti ya pesa inabaki. Halafu sisi watu wa huku ni wa laini mbili mbili, ukichoshwa na hii unatumia ile. Kwa maoni yangu, mlango ulifunguliwa wakati kamba imeshafungwa kwenye pesa.

Nikampigia mama kumweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: "Na hela za kikoba zilizomo humo je?"

Jamani, kusoma kote kule, mama kafika kwenye jibu kabla yangu! Tumekubaliana azitoe kwanza, alipe na deni la salio, ndipo aende kwa wakala na kitambulisho chake. Wanakikoba wenzake keshawaambia namba ni ileile.

Haya, ngoja nirudi kwenye andalio la somo. Wiki njema!