Neolamprologus brichardi

Neolamprologus brichardi ni samaki mdogo wa maji baridi wa familia ya sikilidi, jamaa wa sato, perege na kuhe. Asili yake ni miamba ya Ziwa Tanganyika, hasa upande wa kaskazini. Ana rangi ya kahawia hafifu, mstari mweusi nyuma ya jicho na mkia wa ncha mbili ndefu. Hufikia sentimita 10 hivi. Wafugaji wa ng'ambo humwita Binti Mfalme wa Burundi, na kwa uzuri wake jina hilo linamstahili.

Jina

Ethelwynn Trewavas na Max Poll walimweleza mwaka 1952 kama aina ndogo ya Lamprologus savoryi, wakamwita elongatus. Kwa kuwa samaki mwingine alikuwa na jina hilo tayari, mwaka 1974 Poll alimpa jina jipya kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura.

Tangi na maji

Jozi moja hutosheka na tangi la lita 100. Ukoo huhitaji lita 200 au zaidi. Maji yawe na pH ya 8 hadi 9 na joto la nyuzi 24 hadi 27. Maji ya mvua ni laini mno. Changarawe ya chokaa huyaongezea madini. Mawe hupangwa kwanza, mchanga hufuata, maana samaki hawa huchimba na rundo lililokaa juu ya mchanga huweza kuporomoka na kupasua kioo.

Hatari kubwa ni amonia, kwani pH ikipanda sumu yake nayo huongezeka. Tangi jipya huachwa wiki kadhaa, kichujio kikifanya kazi na chakula kidogo kikiozea humo, hadi bakteria wa kuivunja amonia wawe wa kutosha. Baadaye robo ya maji hubadilishwa kila wiki.

Uzazi

Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Njia ya kuaminika ni kununua wachanga sita au wanane na kuwaacha wachaguane. Jozi ikishajitenga, waliobaki waondolewe upesi, la sivyo watauawa.

Jike hutaga kwenye dari au ukuta wa pango. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu hivi, na makinda huanza kuogelea yapata wiki moja baadaye. Hulishwa viluwiluwi vya artemia na chakula kikavu kilichosagwa.

Wazazi wakitaga tena, watoto wa kwanza hawafukuzwi. Hubaki wakisafisha mayai, wakitoa mchanga pangoni na kuwakabili maadui wakubwa kuliko wao. Michael Taborsky na Dominique Limberger waliandika juu ya wasaidizi hao mwaka 1981, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba msaidizi hufaidika kwa ulinzi wa eneo la wakubwa. Mfugaji anayehamisha makinda kila uzao hupata samaki wengi wa kuuza, lakini hujinyima jambo adhimu kuliko yote katika ufugaji huu: vizazi vitatu au vinne vikilinda jiwe moja.

Ukoo uliokua huwatesa samaki wengine tangini, kwa hiyo hufugwa peke yake.

Biashara

Wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani huzaliwa matangini. Hawafai kuchanganywa na N. pulcher wa kusini mwa ziwa, ingawa baadhi ya wataalamu huwahesabu kuwa spishi moja.